Zimwi Lenye Idhini ya Shule: Historia ya Vibonzo vya The Tomb of Dracula (1972–1979)

Utangulizi

Mwalimu wa fasihi anapomnyang'anya mwanafunzi jarida la vibonzo katikati ya somo, aghalabu hutoa sababu moja: hiyo si fasihi. Kauli hiyo ni fupi, lakini ina historia ndefu, na historia yenyewe haikuanzia katika madarasa yetu. Makala hii inakusudia kuifuatilia kupitia mfululizo mmoja wa vibonzo vya kutisha, The Tomb of Dracula, uliochapishwa na kampuni ya Marvel nchini Marekani kuanzia Aprili 1972 hadi Agosti 1979, jumla ya matoleo 70.

Maswali mawili yatatuongoza. Kwanza, ni nani huamua kwamba hadithi ya kutisha inastahili kuitwa fasihi? Pili, uamuzi huo humfaidi nani na humtenga nani? Tutadai kwamba Dracula aliruhusiwa kurudi katika vibonzo vya Marekani kwa sababu shule zilikuwa zimekwisha kumtambua, na kwamba zombi, ambaye chimbuko lake ni masimulizi ya watu wa asili ya Kiafrika, alizuiwa mlangoni kwa kipimo kicho hicho. Dai hili linamgusa mwalimu wa Kiswahili moja kwa moja, kwani yeye ndiye anayefundisha ngano za mazimwi kila mwaka.

Tufafanue istilahi mbili kabla ya kuendelea. Kwa vibonzo tunamaanisha hadithi inayosimuliwa kwa mfuatano wa picha zilizopangwa katika fremu, huku maneno ya wahusika yakiandikwa ndani ya viputo. Kwa mnyonya damu tunamaanisha mfu anayetoka kaburini usiku ili kufyonza damu ya walio hai, jinsi anavyosawiriwa katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, mwandishi mzawa wa Ireland, iliyochapishwa London mwaka 1897.

Vibonzo vya kutisha kabla ya 1954

Mwaka 1950 kampuni ya EC ya New York, iliyoongozwa na William Gaines, ilianza kutoa majarida matatu ya hadithi za kutisha. Lililopata umaarufu zaidi ni Tales from the Crypt. Hadithi zake zilikuwa za kurasa chache tu na nyingi zilifuata muundo mmoja: mtu anatenda uovu kwa siri, kisha uovu huo unamrudia kwa namna ya kikatili. Msomaji wa ngano atautambua muundo huu mara moja. Ni ule ule wa mchimba kisima anayeingia mwenyewe. Tofauti ni kwamba katika majarida ya EC adhabu ilichorwa waziwazi, damu na viungo vya mwili vikionekana.

Majarida hayo yaliuzwa kwa senti 10, bei ambayo mtoto angeweza kuimudu bila kumwomba mzazi ruhusa. Hapo ndipo wasiwasi ulipozuka. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu Seduction of the Innocent, akidai kwamba vibonzo vilichangia uhalifu wa vijana. Wertham hakuwa mtu wa kupuuzwa. Mwaka 1946 alishiriki kuanzisha kliniki ya Lafargue mtaani Harlem, ambayo iliwahudumia Wamarekani weusi kwa malipo madogo sana, na utafiti wake kuhusu madhara ya kuwatenga watoto kwa rangi shuleni ulitumiwa katika mojawapo ya kesi zilizozaa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1954 dhidi ya utengano huo. Hata hivyo, nia njema haitoshi pale ushahidi unapolegea. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kuzichunguza hati alizoziacha daktari huyo, alionyesha kwamba Wertham alikuwa amebadilisha na kutia chumvi baadhi ya maelezo ya vijana aliowahoji.

Tarehe 21 Aprili 1954 Wertham na Gaines walifika mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa vijana. Gaines aliulizwa kuhusu jalada la jarida lake lililoonyesha mwanamume aliyeshika shoka kwa mkono mmoja na kichwa cha mwanamke kilichokatwa kwa mkono mwingine. Alijibu kwamba, kwa jarida la kutisha, jalada hilo halikuvuka mipaka ya staha. Jibu hilo lilimponza yeye na wenzake wote.

Kanuni za 1954 na waliopigwa marufuku

Wachapishaji walihofia kwamba serikali ingewatungia sheria. Wakaamua kujidhibiti wenyewe. Mnamo Oktoba 1954 chama chao kilipitisha kanuni ambazo kila jarida la vibonzo lilipaswa kuzifuata. Kurasa zilikaguliwa kabla ya kuchapishwa, na jarida lililopita mtihani huo lilipewa muhuri wa kubandikwa kwenye jalada. Kanuni hizi hazikuwa sheria ya nchi. Hata hivyo, wasambazaji wengi walikataa kupokea jarida lisilo na muhuri, na jarida lisilosambazwa ni sawa na lisilochapishwa.

Kanuni zilikataza kutumia maneno ya Kiingereza yenye maana ya kitisho na hofu katika mada ya jarida. Zilikataza pia kuwasawiri wanyonya damu, wafu wanaotembea, wala maiti na watu wanaogeuka kuwa mbwa-mwitu. Msomaji azingatie orodha hii, kwa kuwa baadaye tutaona ni nani kati yao alisamehewa na ni nani hakusamehewa.

Je, kanuni hizi zililinda maadili tu? Tukio moja linatupa jibu. Mwaka 1953 EC ilikuwa imechapisha hadithi ya kisayansi iitwayo Judgment Day, iliyoandikwa na Al Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando. Mwanaanga kutoka duniani anaikagua sayari ya roboti ambako roboti za rangi ya machungwa huzibagua zile za buluu. Anahukumu kwamba wenyeji wa sayari hiyo hawajakomaa vya kutosha kujiunga na jamii za anga. Katika fremu ya mwisho anavua kofia yake, na tunaona kwamba ni mtu mweusi. EC ilipotaka kuirudia hadithi hiyo katika toleo la mwanzoni mwa 1956, msimamizi wa kanuni, Charles Murphy, alidai kwamba mwanaanga huyo asiwe mweusi. Gaines alikataa katakata na kuichapisha bila kuibadilisha. Toleo hilo ndilo lililokuwa la mwisho la vibonzo vya EC. Kwa hivyo kanuni zilizodaiwa kumkinga mtoto dhidi ya mnyonya damu zilitumiwa pia kujaribu kuufuta uso wa mtu mweusi ukurasani.

Hofu hiyo haikuwa ya Marekani peke yake. Mnamo Septemba 1954 mamia ya watoto wa mtaa wa Gorbals huko Glasgow, Uskoti, waliingia katika makaburi ya mji huo kumsaka mnyonya damu mwenye meno ya chuma, ambaye ilisemekana alikuwa amewaua wavulana wawili. Hakuna mvulana yeyote aliyekuwa ametoweka. Lawama zilielekezwa kwa vibonzo vya Marekani, na kisa hicho kilitiliwa maanani katika mjadala uliozaa sheria ya Uingereza ya 1955 dhidi ya machapisho yenye madhara kwa watoto. Wachunguzi wa baadaye wametaja vyanzo vingine vya meno hayo ya chuma: mnyama wa kutisha katika sura ya saba ya Kitabu cha Danieli, na shairi moja la Kiskoti lililokuwa likifundishwa shuleni. Wengine hutaja hadithi moja ya vibonzo ya 1953. Lenye umuhimu kwetu ni kwamba shairi la darasani na Maandiko havikushtakiwa. Kilichoshtakiwa ni kile ambacho hakikuwa na mtetezi.

Mwaka 1971: shule yatajwa kama kipimo

Kwa zaidi ya miaka 15 mnyonya damu hakuonekana katika majarida yenye muhuri. Alionekana katika majarida makubwa yasiyo na rangi, ambayo hayakuhesabiwa kuwa vibonzo vya watoto na hivyo hayakukaguliwa. Vampirella, lililoanza mwaka 1969, ni mfano mmojawapo.

Udhibiti ulifika mahali pa kuchekesha. Husimuliwa kwamba karibu na mwaka 1970 wakaguzi walipinga jarida moja la kampuni ya DC kwa kuwa lilimtaja mtu-mbwa-mwitu kama msimulizi wa hadithi. Ilibidi waelezwe kwamba hilo lilikuwa jina halisi la mwandishi, Marv Wolfman. Ndiye huyu ambaye baadaye angemwandika Dracula kwa miaka mingi.

Mwaka 1971 kanuni zilirekebishwa. Wanyonya damu, wala maiti na watu wanaogeuka mbwa-mwitu sasa waliruhusiwa, mradi wasawiriwe kwa kufuata mapokeo ya fasihi bora. Kanuni mpya zilizitaja kazi za Frankenstein na Dracula, zikawataja na waandishi kama Edgar Allan Poe, Saki na Conan Doyle, kisha zikaeleza kwa nini hao walikubalika: walikuwa waandishi wa kuheshimiwa ambao kazi zao husomwa shuleni duniani kote.

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Wachapishaji wa vibonzo, walioshutumiwa kwa kuwaharibu watoto wa shule, waliomba hifadhi kwa shule yenyewe. Dracula hakuruhusiwa kwa sababu alipunguza ukatili. Aliruhusiwa kwa sababu alikuwa na kitabu, na kitabu chake kilikuwa rafuni maktabani. Orodha ya vitabu vya shule, ambayo mwalimu huichukulia kama jambo la ratiba tu, iligeuka kuwa hati ya kumpitisha mhusika mpakani.

Kuundwa kwa The Tomb of Dracula

Marvel haikukawia. Mnamo Oktoba 1971 ilimtoa Morbius, mwanasayansi aliyegeuka mnyonya damu kwa sababu ya jaribio la kitabibu, katika hadithi za Spider-Man. Aprili iliyofuata The Tomb of Dracula likaanza. Toleo la kwanza liliandikwa na Gerry Conway, na waandishi wengine wawili walipokezana hadi Marv Wolfman alipolichukua kuanzia toleo la 7. Wolfman aliliandika hadi toleo la 70. Michoro yote ya mfululizo huo ni ya Gene Colan, na sehemu kubwa ya michoro hiyo ilitiwa wino na Tom Palmer.

Uthabiti huu wa watunzi ni jambo la kuzingatiwa. Katika biashara ya vibonzo, ambapo kazi huhama mikono mara kwa mara, ni nadra mwandishi na mchoraji kukaa pamoja kwa muda kama huo. Matokeo yake ni kwamba matoleo hayo yanaweza kusomwa kama riwaya moja ndefu yenye mianzo na miisho ya ndani. Msomaji wa riwaya zilizotolewa gazetini sehemu kwa sehemu anafahamu mbinu hii: kila sehemu hukatizwa pale ambapo taharuki imepanda, ili msomaji arudi.

Kwa upande wa mtindo wa picha, Colan alitumia kivuli kama msimulizi. Nyuso huchorwa nusu zikiwa gizani, fremu hupindishwa, na ukungu hufunika mipaka ya vitu. Kwa kuwa kanuni bado zilikataza ukatili uliopindukia, meno hayakuonyeshwa yakipasua shingo. Msomaji huona joho likitanda, kisha anamwona mwathiriwa akiwa chini. Tendo lenyewe hufanyika katika nafasi iliyo kati ya fremu mbili, yaani akilini mwa msomaji. Kwa hivyo udhibiti, bila kukusudia, ulichangia ufundi wa kudokeza. Hili halitoshi kuuhalalisha udhibiti, lakini mhakiki hana budi kulisema.

Wahusika na mwingiliano matini

Mhusika mkuu wa mfululizo huu ni mwovu. Dracula anaua, anadanganya na kudharau. Hata hivyo, Wolfman anampa fahari, upweke na uchungu wa mzazi. Katika sehemu za mwishomwisho anamwoa Domini na kupata mwana, Janus, kisha mwana huyo anapigwa risasi iliyokusudiwa baba yake. Msomaji anajikuta akimhurumia muuaji. Kinaya hicho ndicho kinachouinua mfululizo juu ya hadithi nyingi za wakati wake, ambamo mwovu hakuwa na kazi ila kushindwa.

Wanaomwinda ni kundi lenye sura nyingi. Frank Drake ni mzao wa Dracula mwenyewe, kwa hivyo anapigana na damu yake. Rachel van Helsing anatoka katika ukoo wa mwindaji wa riwayani. Taj Nital ni Mhindi asiyeweza kusema. Hannibal King ni mpelelezi aliyegeuzwa mnyonya damu lakini akakataa kuwanyonya watu. Kiongozi wao ni Quincy Harker, mzee wa kiti cha magurudumu.

Harker anastahili maelezo zaidi. Riwaya ya Stoker inakomea pale ambapo Jonathan na Mina Harker wamepata mtoto wa kiume, aliyepewa jina la rafiki yao aliyekufa katika vita dhidi ya Dracula. Wolfman anamchukua mtoto huyo na kumzeesha. Riwaya ilimalizika kwa amani. Vibonzo vinauliza amani hiyo ilimgharimu nini mtoto aliyeirithi. Katika toleo la 70 Harker anamchoma Dracula kwa kipande cha fedha kutoka katika gurudumu la kiti chake, na wote wawili wanaangamia katika mlipuko aliouandaa mzee huyo. Huu ni mfano bora wa mwingiliano matini. Kazi ya pili haiinakili ya kwanza, bali inaanzia pale ambapo ile ya kwanza ilinyamaza.

Hatimaye tumtaje Blade. Alitokea mara ya kwanza katika toleo la 10, la Julai 1973. Ni mwindaji mweusi wa London anayebeba visu vya mbao. Mama yake alishambuliwa na mnyonya damu wakati wa kumzaa, na kisasi ndicho kinachomsukuma. Lugha aliyopewa hapo mwanzo iliiga mno filamu za miaka hiyo kuhusu Wamarekani weusi, na wakati mwingine anasikika kama kinyago kuliko mtu. Pamoja na kasoro hiyo, miaka 17 tu ilikuwa imepita tangu msimamizi wa kanuni kutaka mwanaanga mweusi aondolewe. Sasa mtu mweusi alikuwa mwindaji mwenye jina, historia na hasira yake mwenyewe, na jarida lake lilikuwa na muhuri. Mwaka 1998 Blade alipewa filamu, iliyoigizwa na Wesley Snipes, nayo ikawa miongoni mwa filamu za kwanza za wahusika wa Marvel kufaulu sana.

Zombi aliyeachwa mlangoni

Turudi kwenye orodha ya 1954. Mnyonya damu alisamehewa mwaka 1971, mla maiti akasamehewa, na anayegeuka mbwa-mwitu vilevile. Wafu wanaotembea hawakusamehewa. Sababu inayotajwa ni kwamba zombi hakuwa na mapokeo ya kifasihi yanayotambulika. Kwa maneno mengine, hakuwa na kitabu kinachosomwa shuleni.

Lakini je, zombi hakuwa na mapokeo? Zombi ni mhusika wa masimulizi ya Haiti, nchi ambako Waafrika walipelekwa utumwani na ambako walijikomboa na kutangaza uhuru mwaka 1804. Wataalamu wengi hulihusisha jina lake na lugha za eneo la Kongo. Katika masimulizi hayo zombi ni mtu aliyefufuliwa kwa uchawi, akanyimwa hiari, na kufanyishwa kazi shambani mwa bwana asiyemwachilia hata baada ya kifo. Ni vigumu kupata jazanda iliyo wazi zaidi ya utumwa. Watu waliotumikishwa hadi kufa walibuni hadithi ambamo kifo chenyewe hakileti mapumziko. Msomaji wa Kiswahili anaweza kumlinganisha na msukule au ndondocha, ambaye naye husimuliwa kuwa mfu anayefanyishwa kazi na mchawi.

Isitoshe, vitabu vilikuwapo. Mwaka 1938 Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi wa Marekani na mtafiti wa masimulizi, alichapisha Tell My Horse, ambamo aliwaeleza mazombi wa Haiti kutokana na utafiti wake huko. Kwa hivyo kilichokosekana si maandishi. Kilichokosekana ni maandishi yaliyotiwa katika orodha.

Marvel ilipata njia ya kuupita mwiba huo. Ilichukua neno zuvembie kutoka katika hadithi ya 1938 ya Robert E. Howard na kulitumia badala ya zombi katika majarida yenye muhuri, kwa mfano katika The Avengers mwaka 1976. Wakati huo huo, katika majarida yasiyokaguliwa, neno zombi lilitumiwa bila kizuizi. Mfu ni yule yule, mwendo ni ule ule. Jina lililobuniwa na mwandishi mmoja lilipita, na jina lililobuniwa na umma wa Haiti likakataliwa. Katika historia ya udhibiti wa fasihi si rahisi kupata mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi namna hii jinsi fasihi simulizi inavyodunishwa.

Kanuni zililegezwa tena mwaka 1989. Marvel ilijiondoa mwaka 2001, na mnamo 2011 kampuni mbili za mwisho, DC na Archie, zikaachana na muhuri huo. Ukawa umekufa.

Mumiani na mazimwi: somo kwa Afrika Mashariki

Afrika Mashariki nayo ina wanyonya damu wake. Wakati wa ukoloni zilienea habari za mumiani katika pwani, na za wazimamoto na kachinja katika maeneo ya bara ya Kenya na Uganda. Ilisemekana kwamba watu hao, wakitumwa na Wazungu, waliwakamata wapita njia na kuwatoa damu ili itumiwe kama dawa. Mwaka 2000 mwanahistoria Luise White alichapisha Speaking with Vampires, kitabu kilichotokana kwa kiasi kikubwa na mahojiano aliyoyafanya Uganda na magharibi mwa Kenya. White hadai kwamba visa hivyo vilitokea. Anaonyesha kwamba vinatueleza jinsi watu walivyoyatazama magari ya serikali, hospitali, polisi na kazi ya mshahara chini ya utawala wasiouchagua. Uvumi, kwa mtazamo huu, ni ushahidi wa historia.

Katika darasa la fasihi simulizi tunaye pia zimwi. Ngano moja inayosimuliwa na jamii nyingi za Kenya inamhusu msichana mrembo anayewakataa wachumba wote, kisha akampenda kijana mgeni, mtanashati kupita wote. Kijana huyo ni zimwi, na katika baadhi ya masimulizi mdomo wake wa pili umefichwa kisogoni. Tukimlinganisha na Dracula tunaona mshabaha: wote wawili ni wageni wenye haiba, wote huficha kinywa kinachoua, na wote huhitaji kukaribishwa, kwani katika riwaya ya Stoker mnyonya damu hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza bila mwenyeji kumruhusu. Tofauti yao ni kwamba Dracula anaogopewa kama mtu wa zamani aliyekataa kufa, ilhali zimwi linaogopewa kama mgeni ambaye ukoo wake haujulikani.

Ulinganisho wa aina hii unawezekana tu pale tunapozipa kazi zote mbili heshima sawa ya kuchunguzwa. Mtahiniwa anayeandika kwamba zimwi ni imani ya kishamba amefanya kosa lile lile la kanuni za 1971. Amekipima kisa kwa cheti chake badala ya kukipima kwa maana yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba The Tomb of Dracula ulizaliwa kwa sababu ya kitabu kilichokuwa na nafasi shuleni. Tumeona pia kwamba mfululizo huo uliitumia nafasi hiyo vizuri, ukajenga wahusika wenye utata, ukaendeleza riwaya ya Stoker badala ya kuikariri, na kumzaa Blade. Wakati uo huo, mlango ulioufungulia ulimfungia zombi, na pamoja naye kumbukumbu ya utumwa iliyohifadhiwa kwa mdomo.

Haifuati kwamba mwalimu aruhusu kila jarida darasani. Majalada ya EC hayakuwafaa watoto wadogo, na mwalimu ana wajibu wa kuchagua. Linalodaiwa ni kwamba asiuchanganye uamuzi wa umri na uamuzi wa thamani. Kusema kwamba kazi fulani haimfai mtoto wa miaka kumi ni jambo moja. Kusema kwamba si fasihi ni jambo jingine, nalo linahitaji hoja.

Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi tunaotahini fasihi simulizi tunalijua zimwi letu. Tukiacha kulifundisha kwa makini, wanafunzi wetu watawajua Dracula na Blade kwa majina, na zimwi watalijua kama swali la alama mbili.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti kati ya kuidhibiti kazi kwa sababu ya umri wa msomaji na kuikanusha kuwa fasihi. Toa mifano.

2. Zombi ni jazanda ya utumwa. Jadili, ukilinganisha na masimulizi ya msukule au mhusika mwingine kutoka katika jamii yako.

3. Chagua ngano moja ya mazimwi unayoijua, kisha uonyeshe jinsi ingeweza kuendelezwa kwa vibonzo bila kuonyesha tendo la ukatili lenyewe.

4. Fafanua mchango wa Quincy Harker kama mfano wa mwingiliano matini.